Sinia Chini ya Maji

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa sinia!

Sinia la nani?

La wenye njaa!

Na mikono je?

Tumenawa!

Haya, kama mmenawa, kaeni. Mwenye kutaka kulala na alale, ila asikorome. Hadithi hii ina samaki ndani yake, na samaki hawapendi makelele.

Hapo zamani, kaa alipokuwa bado anakwenda mbele kama watu, palikuwa na mji wa mawe ukiitwa Mwambakuu. Mji ule ulitawaliwa na mwanamke, jina lake Mwana Kazija. Na chini ya mji, kwenye vibanda vya makuti, alikaa mwanamke mwingine, rika lake, jina lake Mize. Huyu kazi yake pweza. Maji yakitoka, Mize huyo! Kanga kaifunga kiunoni, fimbo mkononi, kikapu begani, anachokoa mashimo ya mwamba mpaka maji yarudi.

Sasa mtaniuliza, bibi, mtawala na mvuaji pweza wanajuana wapi? Ngojeni.

Mize alikuwa yatima. Alipokuwa na miaka sita au saba, hajala siku mbili, alisimama mlangoni kwa kina Kazija siku ya karamu. Akanusa pilau. Hakuomba, alisimama tu. Watu wakampita, wa kwanza akampita, wa pili akampita, wa tatu akamkanyaga mguu na hakusema samahani. Ndipo kikatoka kitoto cha kike kilichopakwa hina, ndiye Kazija huyo, kikamshika mkono.

"Wewe, umenawa?"

"Sijanawa."

"Njoo unawe."

Akakalishwa kwenye sinia pamoja na wenyewe. Njaa, wajukuu zangu, haina adabu. Mkono wa Mize ukaruka mpaka upande wa pili. Mama yake Kazija hakumpiga, hakumfukuza. Aliurudisha ule mkono taratibu, akasema, "Mwanangu, kula mbele yako. Cha mbele yako hakuna atakayekigusa." Na Kazija, asiulizwe na mtu, akalisukuma paja lake la kuku kwa kidole, likavuka wali, likasimama mbele ya Mize.

Paja moja la kuku. Miaka hamsini ikapita, na ladha yake Mize anayo ulimini.

Basi. Siku moja Mwana Kazija akateleza kwenye ngazi za nyumba yake. Nyonga ikavunjika. Mganga akaunga, mfupa ukashika, lakini miguu ikakataa. Na yule bibi alikuwa na ada yake: kila bamvua, maji yakitoka kabisa, anashuka mwambani kutazama samaki kwenye vidimbwi. Sasa amelala kitandani, anatazama boriti. Uji, hataki. Maziwa, hataki. Tende, hataki.

"Mwana Kazija, unataka nini?"

"Nataka bahari yangu."

Mganga akatoka nje, akawaambia watu, "Bamvua ijayo iko siku kumi mbele. Ikifika naye hajala, mimi sina dawa tena."

Waziri wake, Dadi, mtu mwenye tumbo la heshima na sauti ya ngoma, akapiga kifua. "Hawezi kwenda baharini? Bahari itakuja kwake!" Akaita waashi, wakajenga birika la mawe na chokaa uani, mbele ya dirisha la bibi. Wachukuzi wakajaza maji ya bahari, mitungi kwa mitungi, na kila siku wakapunguza ya jana na kutia ya leo. Hapo Waziri Dadi alifanya vizuri, tusimnyime haki yake. Kosa lake lilikuwa kuchagua.

Mara ya kwanza alichagua kwa uzuri. "Nataka wenye rangi!" Akaletewa vikande wenye michoro kama leso mpya, na vitatange wa manjano. Lo, birika likang'aa! Lakini uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kikande ana meno ya kuvunjia kombe. Asubuhi amebaki kikande mmoja tu, wengine kawaua, mapezi yamechanika, anazunguka na hasira zake. Mwana Kazija akatazama, akageuza uso ukutani.

Mara ya pili alichagua kwa cheo. "Leteni wakubwa, bibi ni mkubwa!" Akaletewa chewa mnene, na wengine wa kumsindikiza. Mnajua chewa mdomo wake? Mlango wa ghala! Kulipokucha, chewa yuko peke yake, tumbo limevimba, anapiga miayo. Wasindikizaji wote wamo ndani yake. Mwana Kazija akalia. Siku ile hata maji alikataa.

Siku sita zimekwenda. Zimebaki nne.

Habari zikamfika Mize mwambani, maana wachukuzi wa maji wana midomo. Akamtupa pweza aliyekuwa mkononi, akapanda mjini hivyo hivyo, miguu ina mchanga.

"Waziri, nipe mimi nichague."

"Wewe mvuaji pweza! Umewahi hata kuingia ukumbini?"

"Nimewahi. Nilikula pilau."

Watu wakacheka. Waziri Dadi akacheka zaidi. "Haya, kachague. Lakini sikia, bi Mize. Bibi hana machozi ya kumwaga mara ya tatu. Samaki wako wakiuana, basi umemuua wewe."

Mize alijua Waziri anasema kweli. Akatoka na kitu kimoja tu alichoomba jikoni: sinia kuukuu la shaba, lenye tundu ukingoni.

Mpishi akamuuliza, "La nini hilo?"

"La karamu."

Mnaona? Mize hakusoma, lakini sinia analijua. Mtu akikujia amevaa vizuri, humjui. Akikusalimia vizuri, humjui. Kaa naye sinia moja, utamjua kabla wali haujapoa.

Akashuka mwambani, akatafuta kidimbwi kikubwa chenye mapango. Akawatia samaki aliowashika kwa wavu mwembamba, asiwakwangue magamba. Akaponda dagaa na mwani, akalijaza sinia, akalifunga kamba, akalishusha polepole huku anaimba:

*Kula mbele yako, mgeni,*
*kula mbele yako.*
*Cha mwenzio mwachie,*
*kesho akuachie.*

Kisha akachutama, kidevu juu ya magoti, akatazama.

Siku ya kwanza akaja mkunga, yule kama nyoka. Hakugusa chakula. Aliwatazama walaji! Mize akamwambia, "Wewe hukuja karamuni, umekuja kuhesabu wageni. Nenda zako." Akamtoa.

Siku ya pili wakaja kangaja wawili, kila mmoja na kisu chake mkiani. Sinia pana vile, wao wanagombea tonge moja. "Fahali wawili hawakai zizi moja," akasema Mize, akamtoa mmoja. Aliyebaki akatulia kama si yeye. Akaja chafi, akaacha dagaa, akachagua mwani. "Wewe utanifagilia nyumba. Kaa."

Siku ya tatu akaja samaki mmoja, urefu wake kidole, rangi ya chungwa, mistari myeupe. Mnamjua? Yule anayeishi ndani ya lile dude laini la mwambani lenye mikono mingi inayowasha. Samaki wengine wakiligusa wanaungua, yeye linamfunika kama shuka. Basi kale kakaja kwenye sinia, kakala kidogo, kakachukua tonge kubwa kuliko kichwa chake. Mize akasema, "Mlafi mdogo! Nawe utatoka." Akanyosha wavu.

Lakini kale hakakumeza. Kakageuka, kakaogelea na tonge mdomoni mpaka kwa lile dude, kakaliweka katikati ya mikono yake. Kakarudi sinia. Kakachukua jingine. Kakapeleka tena.

Mize akauweka wavu chini. Akakaa palepale kwenye maji mpaka kanga ikalowa. Paja la kuku likamjia ulimini.

"Wewe," akasema, "wewe nakubeba na nyumba yako."

Asubuhi ya siku ya kumi, Mize akapanga birika. Kwanza mawe yenye matundu, kila samaki na chumba chake na kimoja cha akiba, maana anayefukuzwa apate pa kujificha. Kisha akatia wadogo. Wakazoea. Akatia chafi. Akazoea. Mwenye kisu, kangaja, akamtia mwisho kabisa, akute wenyeji wamekaa, aingie kwa adabu za mgeni. Na hakujaza. Samaki saba tu. Mwana Kazija akanyanyuliwa, akakalishwa kwenye kiti kando ya birika. Akatazama kwa jicho moja, kama mtu aliyeumwa na nyoka anavyotazama kamba.

Mara Waziri Dadi akaingia, nyuma yake mtu na ndoo. "Saba tu? Na hivi vidogo ni chambo! Bibi, nimekuletea kikande mwingine, mkubwa kuliko yule, mzuri kuliko yule."

Mize akasema, "Karibu, Waziri. Kwetu mgeni hula kwanza. Tule, kisha tutamtia."

Akamkonyeza mpishi. Mpishi akaleta sinia la pilau, akaliweka mbele ya Mwana Kazija. Upande wa bibi akaweka paja la kuku, kubwa, linachuruzika. Wakanawa. Bibi hakunyosha mkono, akatazama tu.

Waziri Dadi akaanza kula huku anasema. "Kuchagua samaki," akasema, mkono ukazoa mbele yake, "ni elimu," mkono ukahamia mbele ya Mize, "si jambo la kila mtu," mkono ukavuka sinia zima, ukanyakua lile paja mbele ya bibi, ukarudi nalo mdomoni.

Mwenye ndoo akaitua ndoo chini.

Mize akasema kwa upole, "Bibi, huyu tumtie birikani, au tumrudishe baharini?"

Mwana Kazija akamtazama Waziri, mashavu yamejaa. Akatazama kikande ndani ya ndoo, mashavu yamejaa. Kikatoka kicheko! Kicheko cha kifuani, kilichokaa siku nyingi. "Dadi! Kumbe kikande ni ndugu yako!"

Waziri akaona haya. Akalitoa paja mdomoni, alikuwa hajaling'ata bado, kwa bahati yake, akalirudisha mbele ya bibi. "Nisamehe, bibi. Mkono umezoea."

"Mkono hufundishwa," akasema Mize. "Wangu ulifundishwa ndani ya nyumba hii."

Kisha akalichukua sinia kuukuu la shaba, akalishusha birikani, akaimba:

*Kula mbele yako, mgeni,*
*kula mbele yako.*
*Cha mwenzio mwachie,*
*kesho akuachie.*

Wakaja. Chafi kwenye mwani wake. Kangaja upande wake, kisu amekilaza. Na kale ka rangi ya chungwa kakachukua tonge, kakaondoka.

Mwana Kazija akainama kitini. "Mbona hakali?"

"Anakula, lakini baadaye."

"Anapeleka wapi?"

"Kwa aliyemfunika, bibi, siku alipokuwa hana pa kwenda."

Wimbo ule Mwana Kazija alikuwa anaujua wapi? Hakuwahi kuusikia, ila maneno yake yalikuwa ya mama yake. Akamtazama Mize, nywele za mvi, miguu ya mchanga. Akamtazama sana.

"Wewe," akasema polepole, "umenawa?"

"Nimenawa, Kazija."

Bibi akanyosha kidole chake, chembamba kama kijiti, akalisukuma lile paja. Likavuka wali, likasimama mbele ya Mize.

Mize hakulila. Akalinyofoa, akafinyanga tonge la wali na nyama, dogo, la mgonjwa, akalipeleka mpaka mdomoni mwa mwenziwe.

"Hili lako. Nilichelewa tu kulileta."

Mwana Kazija akafungua kinywa. Akatafuna. Akameza. Akafungua tena.

Mpishi akapiga kigelegele, uani kote wakaitikia!

Kikande akarudishwa baharini salama. Waziri Dadi hakufukuzwa, ila tangu siku ile akila, huweka mkono wa kushoto juu ya wa kulia, kuukumbusha. Mwana Kazija hakutembea tena. Nisiwadanganye. Lakini aliishi miaka mingi mbele ya birika lake, na alipomwambia Mize, "Omba chochote," Mize aliomba nafasi yake kwenye sinia, na kila Ijumaa akapanda mjini kuikalia, mpaka mwisho wa siku zao.

Nami nilipita hapo nikatia mkono, nikala mbele yangu, nikashukuru.

Hadithi nimeiweka katikati. Aliyeshiba aseme asante kwa aliyempa, asiyeshiba na asogee, nafasi ipo. Na makombo msitupe: kuna mtu kasimama mlangoni.