Mbiu Iliyongoja Gulio

Paukwa. Hamjibu? Semeni pakawa, sikukaa hapa kuzungumza na mikeka. Haya. Pakawa na mji, zamani, kabla bibi wa bibi yangu hajaota jino. Mji huo ulikuwa na mbiu, pembe ya nyati yenye sauti ya kufika mashamba yote. Ikilia, kila mtu huacha alilo nalo akaja mbio.

Lakini mtu akipotea, mbiu hailii mpaka siku ya gulio, wanapokuja watu wa vijiji vyote. Ndiyo desturi. Waliopotea, walisema wakubwa, huonekana gulioni wakitafuna mihogo. Basi kwa nini kusumbua watu?

Humo aliishi Mashavu, msuka mikeka, na mdogo wake Mwasiti. Siku moja Mwasiti akaenda porini kukata ukindu, asirudi. Kulipokucha Mashavu akaenda kwa Akida Mshangama, mkubwa wa askari.

"Shikamoo, Akida. Mdogo wangu amepotea."

"Marahaba. Ana mchumba?"

"Hana."

"Basi ndiyo kwanza amempata. Nenda kangoje gulio, mwanangu."

Akaenda kutafuta peke yake, pori likamshinda. Akangoja. Jua likapanda, akangoja. Jua likashuka, akangoja. Aliogopa, watoto, aliogopa mno, maana Mwasiti hajapata kulala nje bila kumuaga. Asubuhi akarudi kwa Akida.

"Gulio bado," Akida akasema, huku anakunywa uji.

"Na kiu, Akida? Kiu nayo inangoja gulio?"

Akida akainamia uji wake. Na wewe Shomari, usicheke, hapa si pa kucheka.

Mashavu akatoka, akaiona mbiu imetundikwa barazani. Asiye askari akiipuliza hufukuzwa mjini, na alilijua hilo. Akaipuliza. Sauti ikatoka kama ya mbuzi mgonjwa. Akapuliza tena, ikalia.

Watu wakaja mbio. Hawakuuliza desturi, waliuliza, "Alielekea wapi?" Wakatafuta, wakaita, wakatafuta. Mchana wakasikia mguno chini ya ardhi. Mwasiti alikuwa ndani ya shimo la kale la kutegea nyati, mguu umevunjika, midomo imepasuka kwa kiu. Yu hai.

Lakini mle hakuwa peke yake. Palikuwa na mifupa, na kofia ambayo kila mtu aliijua. Ilikuwa ya Twalibu, aliyepotea mwaka uliotangulia. Gulio lilipopita asionekane, Akida alisema amemtoroka mkewe, na mji mzima ukaamini, ukamcheka yule mwanamke.

Mkewe, Bi Saumu, akaja, akaketi ukingoni mwa shimo. Akasema polepole, "Kumbe hukuniacha, Twalibu." Akida alikuwa amesimama palepale, asijue auweke wapi uso wake.

Hakuna aliyethubutu kumfukuza Mashavu. Tangu hapo, mtu asipoonekana, mbiu ililia papo hapo, na wa kwanza kutoka walikuwa askari. Wajukuu zangu, heri mji mzima usumbuke bure kuliko mmoja afe akingojeshwa. Kisa nimekitua. Kitamu chake gawaneni, kichungu niachieni mimi.