Damu ya Mahindi

Bwana Kapinga wa kampuni ya mbegu za maabara alisimama kwenye baraza la wazee wa kijiji akamtaka Bibi Robi, mjane aliyelima jirani na shamba la kampuni, akabidhi mavuno yake yote.

"Tumeyapima mahindi yako, bibi. Yana damu ya mbegu yetu."

"Mimi nilipanda mbegu ya marehemu mama mkwe," Robi alisema kwa unyonge. "Hiyo damu yenu iliingiaje?"

"Chavua yetu ilipeperuka ikayapa mimba mahindi yako."

"Yangu ndiyo yaliyowafuata?"

"Hapana. Yetu ndiyo yaliyoyafuata yako."

"Yote?"

"Kila bua! Cheti cha maabara hiki hapa."

"Bila hodi wala mshenga?"

Kapinga akacheka. "Upepo haupigi hodi, bibi."

Robi akamgeukia mwenyekiti wa kijiji na wazee wake. "Mmemsikia wenyewe. Hapa kwetu anayempa mimba binti wa watu hutoa kwanza ng'ombe wawili, ndipo adai mtoto. Na mabinti zangu wako elfu tatu."

Wazee wote wakaitikia kwa vichwa.

Kapinga akakisoma upya cheti chake, polepole, kisha akasema kwamba, kwa kweli, mahindi yale hayakufanana na yao hata kidogo.