Mwewe wa Chini

Paukwa!
Pakawa!
Wenye masikio?
Wasogee!
Wenye usingizi?
Wafinywe!

Hapo kale, kale ya bibi wa bibi zetu, palikuwa na kifaranga jina lake Kishungi. Mama yake alimfunza neno moja: "Mwanangu, ukiona kivuli kinapita chini, mwewe huyo. Jifiche."

Kishungi akalishika neno, tena kwa makucha yote. Wingu likapita, kivuli chini. "Mwewe huyo." Mbio, uvunguni mwa ghala. Kanga ikapepea kambani, kivuli chini. "Mwewe huyo." Mbio, uvunguni mwa ghala. Bi Mgeni, mwenye kuku, akatoka na ungo kupeta mchele. Ungo juu, ungo chini, kivuli kinacheza. Kishungi akasemaje?

Mwewe huyo!

Haya. Ndugu zake wakala chenga za mchele wakashiba. Yeye yuko uvunguni, tumbo linanguruma.

"Huyu mwanao hata ungo anaukimbia," Bi Mgeni akamwambia mama kuku.

"Mwache, bibi. Ndiyo kwanza anajifunza."

Huko uvunguni akaingia nguchiro, taratibu, na adabu zake zote.

"Shikamoo, mjomba," akasema Kishungi.

"Marahaba. Mbona mnyonge hivyo?"

"Njaa, mjomba."

"Nifuate. Kule nyuma kuna mchwa tele."

Kishungi akamtazama. Mabawa hana. Kivuli hana, maana uvunguni hakuna jua. Basi huyu si mwewe. Akamfuata.

Mara mate yakamdondoka nguchiro. Kishungi akasita. Akawaza: mama anaogopa kivuli, au anamwogopa mwenye kivuli? Kivuli hakili mtu. Anayekula ni mwewe, na huyu mjomba naye anataka kunila. Lakini jina lake silijui.

Akapiga kelele: "Mama! Mwewe wa chini!"

Mama kuku hakuuliza mwewe gani huyo. Akaja na mabawa wazi, Bi Mgeni nyuma yake na mchi mkononi. Nguchiro akatimka, hakuaga.

Mama akamkumbatia mwanawe. "Neno nililokupa lilikuwa dogo, mwanangu. Nilikaribia kukupoteza nalo. Umelipanua mwenyewe."

Basi wanangu, mafunzo ya kwanza ni nguo ya utotoni. Ukikua usiitupe, wala usijibane ndani yake. Iongezee kitambaa.

Hadithi imefika ukingoni. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni mwenyewe.