Mwasumini Uliogoma kwa Bi Mboja

Hapo zamani, na asinikatize mtu, palikuwa na Bi Mboja, mwanamke asiyejua kutulia. Uani kwake hapakuwa na pa kutia mguu: mirihani, miwaridi, milangilangi, yote imebanana. Kila shina lilichanua isipokuwa mwasumini wa ukutani. Mwaka wa kwanza, majani. Mwaka wa pili, majani. Mwaka wa tatu, majani tele, ua hata moja hakuna.

Mwanawe mkubwa akamwita akaishi naye ng'ambo. Raha ikamwisha. Bustani amwachie nani? Akaapa mbele ya watu: "Atakayeufanya mwasumini huu uchanue kabla sijaondoka, nitamvisha kikuba cha kwanza, na bustani ni yake."

Mwezi huohuo jirani yake, Bi Time, alichoka matawi kunasa kanga zake kambani. Akaja na panga, akaufyeka mwasumini hadi magotini. Bi Mboja alilia kama aliyefiwa, akamnunia.

Mkesha wa safari, alasiri, machipukizi mapya yakajaa vitumba. Bi Mboja akavichuma mbiombio, kwani kikuba, kile kishada cha kuvaa kifuani, hutungwa kwa vitumba, si kwa maua yaliyokwisha kufunguka. Vilitosha kikuba kimoja tu. Kabla hajatia uzi sindanoni, watu watatu walikuwa mbele yake.

Raya, mke wa mwanawe mdogo, akasema: "Mama, kijiti nilikileta mimi, nilikikata kwa marehemu mama yangu. Nyumba ile imevunjwa. Kumbukumbu yake ni huu mwasumini tu. Bila kijiti changu, wangemwagilia nini? Wangekata nini?"

Riziki, bintiye Bi Mboja, akaruka: "Wifi, ulipanda ukaenda zako! Kisima kilipokauka, nani alibeba ndoo za maji kutoka bondeni kiangazi kizima, na samadi pia? Shingo inaniuma mpaka leo. Kijiti chako kingekuwa kuni!"

Bi Time akacheka. "Mwanangu, maji yako na samadi yako vimezaa majani miaka mitatu. Panga langu ndilo lililozaa maua."

"Ulikata kwa hasira!" Riziki akadakia.

"Nilikata kwa hasira, ndiyo. Mti uliniuliza nia?"

Bi Mboja akaketi, akasimama, akaketi tena. Alimpenda Riziki, damu yake. Alimwonea huruma Raya, yatima yule. Na Bi Time, astaghafirullahi, alikuwa bado hajamsamehe, ila neno lake lilimchoma kwa kuwa lilikuwa kweli. Akimpa binti, watasema amependelea. Akimpa jirani, atalala vipi? Asipompa yeyote, amevunja kiapo.

"Mama, amua!" akasema Riziki.

"Niacheni nipumue!"

Kisahanini kitumba cha kwanza kikafunguka. Kikafuata cha pili. Harufu ikajaa uani, na uzi bado uko mkononi mwake, mtupu.

Haya, nyinyi mnaotikisa vichwa kana kwamba ni jambo rahisi, semeni upesi, maua hayangoji. Je, nani alistahili kuvishwa kikuba kile?