Tuli Amechukua kwa Nani?

— Mpo?

— Tupo, na masikio tumekuja nayo!

— Nikitia chumvi?

— Tutakula hivyo hivyo!

Basi hapo kale, msimu wa sufi kupasuka, msitu mzima ulikuwa ukishukiwa na sufi nyeupe. Inashuka, inashuka, polepole, hata ndege wakawa wanasinzia mchana. Juu ya msufi mmoja waliishi Kindi, mkewe, na binti yao mdogo aitwaye Tuli. Jina Tuli, lakini mtoto mwenyewe hakutulia. Macho yalipepesa, pe pe pe! Koo likaruka, kwi! Akiambiwa acha, anaacha kidogo, halafu tena: pe pe pe, kwi!

"Amechukua kwa nani?" akauliza Baba Tuli.

"Si kwetu," akasema Mama Tuli.

"Na kwetu hakuna."

Wakaita kikao cha koo mbili, wajue jambo hili limetoka upande gani. Hapo ndipo walipokosea, maana kila aliyekuja alikuja amejikaza. Shangazi kajikaza. Mjomba kajikaza. Bibi kaukalia mkia wake mwenyewe. Wakashinda hapo wakiviziana, hakuna aliyetikisika, hakuna lililojulikana. Wakarudi makwao wakijisifu, na Tuli akabaki kwenye tawi akijiuliza yeye ni wa nani. Mimi hapo huwa naona uchungu, siwafichi.

Habari zikamfikia Fisi. Akaja chini ya mti.

"Hodi! Mganga nimefika. Nasikia mna mtoto wa pe pe pe."

"Unajua dawa yake?" akauliza Baba Tuli.

"Huo ni ugonjwa wa ukoo. Mshusheni, nitamlaza kwangu siku saba. Atatulia kabisa!"

Baba Tuli alikuwa amechoka kuwaza. Akamtia binti yake kikapuni, akaanza kushusha kamba. Tuli hakulia. Aliuliza tu, "Nikitulia, mtanirudisha?"

Mama Tuli akachungulia chini. Akaona mate yanadondoka, do, do, do.

"Mganga, hayo mate ya nini?"

"Ndiyo dawa yenyewe."

Mama akaikamata kamba, kikapu kikaning'inia katikati, kinabembea taratibu kwenye sufi.

"Vizuri, mganga. Lakini ugonjwa wetu una mwiko. Anayetaka kumgusa mtoto amtazame kwanza mpaka nihesabu mia, bila kupepesa. Akipepesa, ujue umeshamwingia."

"Rahisi!" Fisi akatoa macho.

"Moja... mbili... tatu..." Mama alihesabu kivivu, kama anayebembeleza mtoto. Sufi inashuka. Sufi inashuka. Moja ikatua juu ya kope la Fisi.

Pe!

"Umepepesa, mganga."

"Ni sufi hii!"

"Hata marehemu babu alianza hivyo hivyo. 'Ni sufi hii.'"

Fisi akajikaza. Kadiri alivyojikaza, ndivyo macho yalivyowasha. Pe! Pe pe! Pe pe pe! Kwa woga akacheka, hi hi hiii!

"Haa! Na sauti imekutoka bila kuiita?"

"Hunitoka tu," akasema Fisi. "Tangu zamani."

"Na hayo makalio yanayochuchumaa ukitembea?"

"Nimezaliwa nayo. Hata baba... hata babu..." Fisi akageuka. Akajitazama nyuma. "Mama yangu! Kumbe ni ukoo mzima!"

Akatimua mbio, tigiti, tigiti, pe pe pe, hi hi hiii, kwenda kumuuliza mama yake amechukua kwa nani.

Wakamvuta Tuli juu. Baba Tuli akacheka mpaka akalegea, na katika kulegea huko, koo lake likaruka: kwi!

Mama Tuli akageuka.

"Baba Tuli?" akasema mkewe.

"Huwa nakwenda kumalizia kwi zangu upande wa pili wa mti," akasema, machozi yanamtoka. "Kila siku. Tangu utotoni. Niliona aibu."

"Na mimi nilidhani unafuata kokwa!"

Tuli akamsogelea. "Kwa hiyo mimi ni wako?"

"Wangu kabisa, mwanangu. Nisamehe kile kikapu."

Wakaketi bega kwa bega, baba na binti, pe pe pe, kwi, kwi, sufi ikiwatua mgongoni, na mama akapitiwa na usingizi mtamu akiwasikiliza.

Hadithi imefika kwake, imevua viatu, imelala.

Na fundisho? Fundisho ni kwamba mtoto mwenye adabu hukaa kimya, asitikise kiungo hata kimoja, asije akaaibisha ukoo. Mmesikia? Mnacheka nini? Hili bega? Liacheni liruke. Hili ni la marehemu mama yangu, na ndilo pekee aliloniachia.