Mzamilu na Jumba Lenye Meno

Paukwa!

Pakawa!

Mji wa kale una nini?

Una macho kwenye kuta!

Na mwenye kuupita kimya?

Hatoki!

Haya, sogeeni. Alikuwapo kijana akiitwa Mzamilu. Alilelewa na bibi yake, Bi Mize, mkaanga bajia za kunde. Bajia zikamsomesha, akaenda mbali, akaposa kwa watu wazito. Kule ukweni akasema kwao ni jumba lenye mlango wa nakshi. Uongo mtupu!

Siku moja mkwewe akasema, "Tutakwenda kuliona jumba lenu."

Basi Mzamilu akatangulia mjini kwao, achague jumba la kusingizia kuwa ni lao. Akavaa miwani myeusi, akashika ramani mbele ya uso, ajifanye mtalii. Mtalii, kwao!

Na mji ule una ada: ukipita penye baraza, toa salamu, taja kwenu. Asiyetaja huliwa na zimwi, maana zimwi la pale hula asiye na mwenyewe.

Akafika barazani kwa bibi yake.

"Wewe wa nani, mwanangu?" akauliza Bi Mize.

Mzamilu akainua ramani. "Mgeni tu, bibi. Napita."

Akakata kulia, akakata kushoto, akatokea palepale.

"Wewe wa nani, mwanangu?"

"Mgeni tu, bibi. Napita."

Akakata kushoto, akakata kulia. Kichochoro kikambana mabega. Akatokea palepale.

"Wewe wa nani, mwanangu?"

Akazidi kuinua ramani. "Mgeni tu, bibi. Napita."

Papo hapo mlango wa nakshi wa jumba la jirani ukapanuka. Kumbe jumba ndilo zimwi, na misumari ya shaba ndiyo meno! Likammeza hadi kiunoni.

"Bi Mize," likanguruma, "huyu wako?"

Bi Mize akageuza bajia. "Mwenyewe kasema mgeni. Mara tatu. Mimi nani hata nimbishie msomi?"

Likammeza hadi kifuani.

"Mimi wa Bi Mize!" akalia Mzamilu.

"Sisikii, mafuta yanachemka."

"Mimi wa Bi Mize, mkaanga bajia! Bajia ndizo zilizonisomesha!"

Madirisha yote yakafunguka. Mtaa mzima ukasikia.

"Ni wangu," akasema Bi Mize. "Mteme."

Likamtema, ptuu! Miwani huko, ramani huku. Ndipo akamwona aliyefichwa na ramani: mkwewe, ameketi barazani, bajia mkononi.

"Nami nilitangulia, nikafika asubuhi," akasema mkwe. "Nikauliza kwa kina Mzamilu, nikaletwa hapa. Nimekuona ukipita. Mara tatu."

Mzamilu akatamani zimwi limmeze tena.

"Bibi, ulinijua lini?"

"Mara ya kwanza. Mwendo wako nilikufundisha mimi." Akaiokota ramani, akamfungia mkwe bajia za njiani ndani yake. "Wewe nawa mikono, kuna kunde za kumenya."

Mzamilu akamenya hadi magharibi, hakuinua uso.

Hadithi yangu imeishia hapo. Bajia zimekwisha, karatasi imebaki. Wajukuu zangu, msimkane aliyewalea: siku ya kumezwa, ni yeye atakayeulizwa.