Nyenze Wawili wa Mkanda wa Chui

Mmeshafika. Maharagwe yangu yako motoni, ninyi mnataka hadithi. Haya, kaeni, na mwenye mafua akae mbali.

Hapo kale, kale ya kabla ya bibi yangu, huko Uchina kwenye jiwe la kijani, aliishi Kindi, mjane, fundi wa mapambo ya mikanda. Jiwe lile halikatwi kwa kisu. Alilisaga kwa uzi, mchanga na maji, kutwa nzima. Alikuwa na watoto watano. Chui, hakimu wa mji, akamla mmoja. Ushahidi haukupatikana, maana aliyeutafuta ni Chui.

Siku moja Chui akaja mlangoni, ngo, ngo.

"Hodi, fundi. Nichongee joka la mkanda."

"Karibu, mheshimiwa. Joka siku hizi wanavaa hata wauza mboga," akasema Kindi, macho kwenye uzi wake. "Mkubwa wa kweli huvaa nyenze, yule mdudu aimbaye mitini. Nyenze hali cha mtu, hunywa umande tu. Ukimvaa, watu watajua tumbo lako safi. Fundo la mkanda wake hulifunga fundi, na hulifungua fundi, mbele ya watu. Anayelikata mwenyewe amekiri tumbo si safi. Lakini desturi hiyo waijua kuliko mimi."

Chui hakuijua. "Naijua," akasema. "Nichongee wawili."

"Wawili ndio hasa."

Akawachonga, mabawa membamba, akawaning'iniza mkandani wakigusana, akamfunga Chui fundo kiunoni. Chui akapita barabarani, kli, kli, kli. Mji ukamsifu.

Akaenda kumnyatia Sungura. Kli. Sungura akaingia shimoni. Akamnyatia Bata. Kli, kli. Bata akajitosa majini, akaelea.

"Shikamoo, mheshimiwa. Huko kwako umande umekauka?"

Siku ya tisa mbavu zake zilihesabika. Akaja kibarazani kwa Kindi, watu wamejaa.

"Mama, nifungulie."

"Desturi kwanza: fundi huuliza, mvaaji hujibu kweli, ndipo fundo lifunguliwe. Umande haukutosha?"

"Haukutosha."

"Ulikula nini?"

Chui akatazama miguu yake. "Mwanao."

Kindi akafungua fundo, taratibu, kama kazi nyingine yoyote. Watu wakamvua Chui uhakimu.

Shikeni hili: sifa usiyostahili ukiivaa, itakupigia kelele njiani.

Na Chui akalipa meno yake marefu, yote manne. Kindi akayatoboa, akayafanya vifungo vya kanzu, kimoja kwa kila mtoto aliyebaki.